Koti la Harusi na Uta wa Mkole

Juzi nilikuwa saluni, hapa Tanga mjini, nimelaza kichwa kwenye beseni, na msichana anayenisuka akafungua chupa ya mafuta ya nyonyo. Siku hizi kila mtu anapaka nyonyo, wanasema inajaza nywele. Harufu iliponifika, uso wote uliniwaka moto. Haikuwa huzuni, ingawa mama yangu hana muda mrefu tangu tumzike, wala haikuwa hamu ya nyumbani. Ilikuwa aibu, ile aibu yenyewe ya kitoto, ya kutamani ardhi ipasuke ikumeze. Msichana akaniuliza kama maji yananiunguza. Nikamwambia hapana, aendelee tu.

Nyonyo ndiyo mafuta ambayo Mjomba Bakari, kaka yake mama, alipaka uta. Mwaka ule nilikuwa darasa la nne, na nyumba nzima ilinuka nyonyo, tangu jikoni mpaka kwenye mashuka.

Tulikuwa tunaishi kwa mjomba, upande wa ndani wa Pongwe, unapoacha lami ukafuata njia inayokatiza mkonge mpaka kwenye vilima. Mama alikuwa ameachwa na baba kule Pangani. Alirudi kwao na mimi na gunia moja la vyombo, na kwa haraka ya kufungasha alivifunga vyombo hivyo kwa nguo zozote zilizokuwa karibu. Tulipofungua gunia, sufuria kubwa ilikuwa imeviringishwa kwenye suruali ya baba, na sahani zilikuwa ndani ya koti lake la kijivu, lile alilovaa juu ya kanzu siku ya ndoa yao. Mama alilishika koti lile mkononi, akalitazama, akacheka peke yake. Kisha akalitundika kwenye msumari nyuma ya mlango kwa sababu hakuna mtu wa kulirudisha Pangani.

Mjomba alimpa mama kipande cha shamba chini ya kilima, na juu ya kilima hicho walikaa nyani. Aliyelima jirani na nyani anajua ninachosema: nyani anamjua mwanamke. Akitokea mwanamume, hata awe kikongwe anayejikongoja na fimbo, kundi zima linapanda mlimani. Akitokea mwanamke wanamtazama tu, wanaendelea kutafuna, na dume lao linaweza kumkenulia meno hadi arudi nyuma mwenyewe. Wanawake wa kule hawakupoteza muda kubishana na jambo hilo. Kila mmoja alikuwa na mume, au mtoto wa kiume, au shemeji wa kumtuma dunguni, kwenye kichanja cha kulindia shamba. Mama alikuwa na mimi. Mjomba mwenyewe alikuwa na shamba lake ng'ambo ya korongo, na huko pia walikuwapo nyani.

Msimu wa kwanza tulivuna magunzi. Habari zilifika Pangani, habari mbaya haikosi nauli, na baba akampigia mjomba simu. Wakakubaliana wakubwa kwa wakubwa: msimu unaofuata mama akishindwa tena kupata chakula chake, mimi nitakwenda Pangani kukaa kwa baba na mke wake mpya. Mama hakupinga, angepinga kwa lipi? Aliniambia jioni hiyo hiyo tukichambua mchele. Alisema, "Weye utaishi na mimi kama mahindi yataishi." Kisha akanionyesha kijiwe nilichokuwa nimekiruka kwenye ungo. Usiku ule nilimshika kanga nilipolala, na nikaishika hivyo kila usiku mpaka mahindi mapya yalipoota.

Mahindi yalipoanza kubeba, mama alifanya jambo ambalo mpaka leo nikilisimulia nashusha sauti. Alilitoa koti kwenye msumari. Aliondoka alfajiri amevaa gauni na kanga zake mbili kama wanawake wote, kapu kichwani, na ndani ya kapu, chini ya jembe la mkono, mlikuwa na suruali ya baba, koti la harusi na kofia kuukuu ya mjomba. Akifika shambani anaingia nyuma ya kichaka, anatoka mwanamume. Nyani wakaruka. Kwa wiki kadhaa wakaruka kila walipomwona.

Siri hiyo tuliijua watu watatu: mama, mjomba na mimi. Mama aliniambia nisimtamkie mtu, na angeweza kuacha kuniambia, maana ningekufa kwanza. Mama za wenzangu walikuwa wanakaa vibarazani wakisuka ukili, wamejitanda vizuri, miguu imekusanywa pamoja. Mama yangu alikuwa anatembea katikati ya mahindi na suruali iliyofungwa kamba ya katani kiunoni, hatua ndefu, mikono mfukoni, akikohoa kwa sauti nzito. Siku za Jumamosi nilipokwenda naye nilikaa dunguni nimempa mgongo. Kazi yangu ilikuwa kulinda nyani. Mimi nililinda njia, nisije nikamwona mtu anayetujua.

Lakini nyani si wajinga. Waligundua kwamba mwanamume huyu hatupi jiwe mbali. Dume likaanza kukaa ukingoni mwa shamba, likimsikiliza mama anavyokohoa, na siku moja likachuma hindi mbele yake na kulimenya taratibu. Mama alirudi nyumbani mapema siku hiyo. Alikaa na kaka yake kwenye kizingiti cha jiko wakanong'ona, na baadaye mjomba akapanda darini, juu ya meko, akashuka na fimbo ndefu ya mkole iliyokuwa imekaa kwenye moshi tangu sijafika nyumba ile.

"Namtengenezea mwanangu uta," akawatangazia majirani waliokuja kuchungulia. Mwanangu ni mimi. Watoto wa dada ni watoto wa mjomba.

Furaha niliyoipata sitaieleza nikamaliza. Nilielewa moja kwa moja, au nilidhani nimeelewa: nikipata uta, nitalinda shamba mimi, na mama ataivua ile suruali. Nilimfuata mjomba kila alikokwenda na ule mti. Aliuchonga kwa panga, kisha kwa kisu, kisha akavunja chupa ya soda na kuanza kuukwangua kwa kigae chake, polepole, unyoya wa mbao baada ya unyoya. Akaupaka nyonyo, akausugua kwa kitambaa, akauacha ulale. Upote, ile kamba ya uta, aliusokota kwa mishipa ya ng'ombe aliyoipata kwa mchinjaji wa Pongwe, akauvuta kati ya nguzo mbili mpaka ukalia ulipoguswa.

Uta mpya hauvutwi mpaka mwisho. Hilo alinifundisha kabla sijaugusa. Alifunga upote ukiwa umelegea, akaupachika uta kwenye kigingi cha nguzo ya jiko, akanipa kamba iliyofungwa kwenye upote. "Shusha kidogo. Tena. Hapo hapo, usiachie." Mimi nining'inie kwenye kamba, yeye arudi nyuma hatua kadhaa, afumbe jicho moja, atazame namna mikono miwili ya uta inavyopinda. Mkono ambao haukupinda vizuri aliutia alama ya mkaa pale ulipokuwa mgumu, na kigae cha chupa kikaanza tena. Bi Mwanahawa, jirani yetu, mwanamke aliyekuwa hakosi neno, akauliza juu ya ua kazi hii inachukua siku ngapi.

"Uta mpya ni bi harusi," mjomba akamjibu. "Ukimvuta kwa pupa siku ya kwanza unajiharibia mwenyewe."

Wanawake wakacheka, na mimi nikacheka nao bila kujua tunacheka nini.

Halafu ikaja zamu ya mkono. Jioni, watu wakiwapo, mjomba alinipa uta nivute. Nilisimama alivyonionyesha, nikakaza meno, na upote ukasogea kama upana wa kiganja, basi. Mikono ilinitetemeka mpaka mabegani. Mjomba akautwaa, akatazama mbao, akakwangua. Kesho yake nivute tena, na upote ukaishia pale pale. Bi Mwanahawa akasema, "Bakari, uta huo wa mtoto au wa kuulia tembo?" Mjomba akasema nitaukulia. Akakwangua.

Niliamini kila unyoya wa mbao ulioanguka pale chini ulikuwa kipimo cha udhaifu wangu. Mjomba anapunguza uta kwa sababu mimi nimepungua. Kwa hiyo nilikuwa nikizoa maranda yale upesi na kuyatia motoni kabla hajainuka, watu wasione yamekuwa mengi kiasi gani. Nilijinyima hata kucheza, nikawa nabeba ndoo za maji zisizo zamu yangu ili nipate nguvu. Na uta haukulegea hata kidogo. Ilinishangaza sana, maana mbao ilipungua na mimi nilizidi kushindwa.

Jumamosi mjomba alifuatana nasi shambani, uta ameuviringisha ndani ya mkeka. Mama akaingia nyuma ya kichaka akatoka na suruali yake. Mjomba akaukunjua mkeka, akaupachika upote sawasawa safari hii, akapima nafasi kati ya upote na mbao kwa ngumi yake na dole gumba limesimama, akaridhika. Nikanyoosha mikono yote miwili. Mjomba akaupitisha uta juu ya kichwa changu, akampa mama.

Mama aliupokea kama anayepokea mwiko. Akatanua miguu, akageuza bega, akavuta. Alivuta taratibu, bila kutetemeka, mikono ya koti ikimteremka mpaka viwikoni, upote ukapita kidevu ukafika karibu na sikio. Mjomba alikuwa amechuchumaa pembeni na kigae chake, jicho moja limefumbwa.

"Mkono wa juu bado umelala," mama akasema.

"Nauona. Shusha."

Mama akaurudisha upote polepole, akishindana nao njia nzima, kwa sababu uta ukiachiwa bila mshale hupasuka. Mjomba akakwangua kidogo, akapangusa, akampa. Mama akavuta.

"Sasa?"

"Umeamka. Lakini unanisukuma kiganja."

Wakaendelea hivyo asubuhi nzima, dada anavuta, kaka anakwangua, wakisemezana kwa maneno ya shambani kwa baba yao, ambako, ndiyo kwanza nasikia, wote wawili walilelewa dunguni, kaka na dada, wakilindia mpunga kwa zamu na uta mmoja. Halafu wakajaribu mishale. Ilikuwa mishale ya mti mtupu yenye manyoya ya jogoo, bila chuma, ncha imeachwa butu. Wa kwanza ulikwenda ukitikisa mkia. Mjomba akafunga uzi mwekundu kwenye upote, juu kidogo ya pale mshale ulipokaa, akamwambia mama aupachike chini ya uzi. Wa pili ulitikisa kidogo. Akausogeza uzi. Wa tatu ulikwenda kimya, ukagonga mgomba mwishoni mwa shamba, na mjomba akakitupa kile kigae cha chupa kichakani.

Mtoto mwingine labda angefurahi. Mimi nilikaa dunguni na mashavu yanawaka. Uta haukuwa wangu hata siku moja. Nilisimamishwa uani mbele ya watu, nikachekwa jioni hadi jioni, ili majirani wasijue kwamba mjomba anamtengenezea uta mwanamke. Na yale maranda niliyokuwa nayaficha motoni yalikuwa kipimo cha bega la mama, aliyekuwa akiujaribu kila asubuhi huku mimi nipo shule. Hilo lilikuwa moja. La pili lilikuwa zito zaidi: kumbe suruali haivuliwi. Sasa ni suruali na uta pamoja.

Siku mbili tatu baadaye dume lilikuja kukaa mahali pake, mama akalipiga mshale wa ubavuni. Halikufa, lakini lilipiga ukelele uliosikika mpaka kwa mjomba, na tangu siku hiyo kundi lote likawa linatazama mahindi yetu kutoka juu ya mawe. Mahindi yakakomaa. Mama alianza kuimba tena jikoni. Nilikuwa nahesabu kwamba tumebakiza kuvuna tu, tuvune, suruali irudi kwenye gunia, na mtu asijue mpaka tunaingia kaburini.

Ndipo baba akaja. Hakupitia nyumbani. Alichukua bodaboda kutoka barabarani, akateremka mbali, akaingia kwa miguu kuyaona mahindi kwa macho yake kabla hajaambiwa habari zake. Alichokiona alikuja kukieleza mwenyewe Jumapili, kwenye mkeka wa mjomba, akiwa na kaka yake mkubwa aliyetoka naye Pangani. Mimi namwita Baba Mkubwa. Wazee wa jirani waliitwa, kama inavyotakiwa, na wasioitwa walisimama nyuma ya ua. Mama alikuwa ndani, pazia limeshushwa.

Nilikwenda kuwasalimu. "Shikamoo Baba Mkubwa. Shikamoo baba." Baba alinishika kichwa, akanivuta nikae karibu naye, na nilifurahi, kwa sababu alikuwa baba yangu na nilikuwa sijamwona siku nyingi.

Akaanza kwa adabu. Akasema mahindi ameyaona, ni mazuri, hana la kusema juu ya mahindi. "Lakini mwenye kuyalinda nimemwona pia," akasema. "Ni mwanamume. Mrefu, ana kofia, ana uta. Nimemwona yuwapiga mshale toka huku mwa shamba hadi kule. Na mwilini, wazee wangu, yuna koti langu. Koti nililofungia ndoa."

Nyuma ya ua watu wakasogea karibu.

"Kama ameolewa tuambiwe, tutasema heri. Kama hajaolewa, mie siwezi kumwacha binti yangu alelewe na mtu nisiyemjua, aliyevaa nguo zangu. Nimekuja kumchukua mtoto leo."

Macho yote yakamgeukia Mjomba Bakari. Nilimtazama na mimi, nikimngoja aseme. Mjomba alikuwa mtu wa maneno, lakini siku ile alikuna kidevu, akatazama mkeka, akasema, "Pale hapana mwanamume." Basi. Angesemaje zaidi? Atamke mbele ya shemeji zake wa zamani kwamba dada yake anavaa suruali kule porini? Aliona haya, mtu mzima yule, na haya yake ilikuwa inanipeleka Pangani.

Baba Mkubwa akaniita nisimame mbele yake. Alikuwa mpole. "Mwanangu, wewe na mama yako mnakwenda shamba. Nani mwingine huwa yupo?"

"Hakuna, Baba Mkubwa. Mimi na mama."

"Na huyo bwana mwenye koti?"

Nilimwona Bi Mwanahawa amening'iniza shingo juu ya ua, na kando yake wenzangu wawili wa darasani. Nikasema nikitazama vidole vyangu vya miguu, "Ni mama."

Walicheka. Wazee kwanza, kwa kujizuia, kisha nyuma ya ua bila kujizuia. Baba Mkubwa hakucheka. Alitikisa kichwa kwa masikitiko, akamwambia baba, "Unaona, mtoto keshafundishwa." Na baba akaurudisha mkono aliokuwa ameunyoosha kunishika bega. Nilikuwa nimeitoa siri iliyoniumiza kuliko zote, mbele ya watu niliokuwa nikiwaficha, na haikununua kitu. Nilikuwa mwongo na mtoto wa mwongo. Nikakimbia kwa Bi Mwanahawa, aliyekuwa amekwishaingia uani na kuketi, nikauzika uso mapajani mwake na kujifunika upande wa kanga yake kichwa kizima.

Kwa hiyo yaliyofuata niliyasikia. Nilisikia pete za pazia zikivutwa. Nilisikia mtu mmoja akisema, "Lahaula," polepole. Nikaijua sauti ya suruali ile, jinsi miguu yake ilivyosuguana mama akitembea, nilikuwa nimeisikia msimu mzima nikiwa nimeipa mgongo. Mapaja ya Bi Mwanahawa yakakakamaa chini ya shavu langu. Nilielewa kwamba mama ametoka mbele ya kijiji na mbele ya baba na kaka yake akiwa amevaa vile, nikasukuma vidole masikioni, lakini havikuziba.

"Mliosimama pale kwenye mgomba, ondokeni," sauti ya mama ilisema. Miguu ikapisha.

Mbao ya mkole ikipinda inatoa sauti ndogo, kama mtu anayejinyoosha asubuhi. Niliisikia hiyo. Kisha upote, kisha pigo kwenye mgomba ulio kando ya bafu la uani. Alivuta tena. Pigo. Alivuta mara ya tatu, na baada ya pigo la tatu Baba Mkubwa akasema, kwa sauti ya mtu aliyechoka ghafla, "Ndiye."

Mtu akimkuta mwenzake amekosea namna hiyo humhurumia, lakini baba alisema neno moja tu, na nadhani mpaka leo analijutia. Alisema, "Koti ni langu."

"Lichukue," mama akamwambia. Nikasikia vifungo. Nikasikia koti likikung'utwa vumbi, likikunjwa, likiwekwa mkekani. "Na magunia yangu ya mahindi yakishajaa njoo uyahesabu. Mtoto anabaki."

Hakuna aliyebisha. Waliagana kwa heshima zote, bodaboda zikawashwa, nami nikabaki Pongwe. Nilitoka chini ya kanga pale mama alipokwisha kuingia ndani. Alipotokea tena alikuwa na gauni lake na amejitanda, akauliza nani anakunywa chai.

Shuleni niliipata. Waliniimbia kwamba nina baba wawili, na mmoja ananinyonyesha. Nilipigana, nikapigwa, likaja jambo la mtu mwingine nao wakanisahau. Mama hakuona tena la kuficha. Msimu uliofuata alikwenda shamba na gauni lake na uta begani, mchana kweupe, na nyani wakaondoka vilevile, kwa sababu sasa walikuwa wanamjua. Wanawake wawili wa jirani wakamwendea mjomba kumuuliza kama ana mti mwingine wa mkole darini. Na mimi? Mimi niliendelea kutembea hatua kumi nyuma yake kila tulipofuatana njiani. Alijua. Hakunigeukia kuniambia niharakishe.

Kwenye matanga yake, siku ya pili, wanawake waliokuwapo siku ile walikaa uani pale pale, na mazungumzo hayakuweza kukikwepa kisa kile. Bi Mwanahawa, ambaye sasa anatembea kwa kushikwa, aliinuka akaonyesha alivyosimama mama, mguu wa kushoto mbele. Mwingine akasema la, ulikuwa wa kulia. Walikumbuka kofia ilivyokaa upande. Walikumbuka kwamba aliupiga mgomba mara tatu bila kumtazama baba hata mara moja. Kisha wakabishana juu ya uso wake. Mmoja akaapa kwamba alikuwa analia huku akivuta, machozi mpaka shingoni. Bi Mwanahawa akasema amwogope Mungu, yule alikuwa anacheka, alikuwa anacheka kwa meno yote. Wakabishana mpaka wakachoka, na walipochoka wakanigeukia mimi, mwanawe, niliyekuwa pale, niwaamulie.

Uani walikuwapo watu zaidi ya thelathini waliomwona mama yangu akivuta uta siku ile, wengine wametembea kutoka kijiji cha pili kuja kumzika kwa sababu hiyo tu. Niliwatazama nyuso zao moja moja. Nikasema alikuwa anacheka. Wakaridhika, na nasikia sasa kila anayekisimulia kisa hicho anakimalizia hivyo, kwamba alikuwa anacheka, mwanawe mwenyewe alimwona.